Kigoda cha Mwenye Nyumba

Mwanza, 9 Machi 2024

Bibi yangu Koleta,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikusalimia ukanijibu kwamba mbolea imefika, kwa hiyo nimenunua karatasi. Mimi ni mzima. Chumbani tuko watatu, na yale matobolwa uliyomkabidhi kondakta aniletee yaliisha kwa siku mbili. Zamda, anayelala kitanda cha juu, anasema akimaliza chuo atakuja kuolewa Goweko ili ale viazi hivyo vikavu maisha yake yote. Goti lako je? Yale mafuta niliyokutumia unapaka mwenyewe au umeshamgawia jirani? Nakujua.

Masomo ya famasia yanakwenda, ingawa mwaka huu wa tatu wanatukamua. Jumanne iliyopita mwalimu alifundisha habari za bangi. Darasa zima lilicheka kwanza, kila mtu akamtazama yule anayemshuku. Kisha mwalimu akasema jambo ambalo mpaka leo halijanitoka. Alisema mwilini mwa kila mtu, hasa kwenye ubongo, kuna vipokezi vinavyoitikia bangi. Vipokezi ni sehemu ndogo mno juu ya seli za mwili. Kazi yake ni kupokea ujumbe na kuufikisha ndani. Kila mtu anavyo, Bibi: wewe, mimi, na padri wako pia. Nikamfikiria baba. Miaka yote nimedhani baba alizaliwa na kasoro iliyokuwa yake peke yake. Kumbe kile ambacho bangi ilikishika kwake, hata mimi ninacho.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika. Baba amenipigia kutoka Tura, anaomba kurudi nyumbani. Huu ni mwaka wa nne hajagusa bangi, na sindano yake ya kila mwezi hajaikosa hata mara moja. Sauti yake imekuwa ile niliyoijua nikiwa mdogo, kabla hajaugua akili. Kukuuliza mwenyewe hathubutu. Alisema, "Muulize mama kama naweza kuja nikakaa naye. Akikataa, usimlazimishe."

Bibi, ni miaka kumi na moja tangu achome bani na wewe ukamwambia asikanyage tena pale uani. Najua tumbaku ya msimu mzima iliteketea humo ikiwa inakaushwa. Lakini bani lilishajengwa jipya, na yeye si yule wa siku ile. Unipe jibu nimpelekee.

Mjukuu wako,
Jeska


Goweko, 2 Aprili 2024

Mke mwenzangu Jeska,

Marahaba. Tulipofundishwa kuandika barua kwenye kisomo cha watu wazima tuliambiwa tuanze kwa kusema hofu ni kwako uliye mbali. Mimi hofu sina, nina goti. Mafuta yako nimempa Mama Sixbert, maana goti lake ni bovu kuliko langu na kelele zake ni nyingi kuliko goti. Tumbaku tumemaliza kuchuma na kukausha, sasa tunaipanga kwa madaraja humu ndani, hata uji unanuka tumbaku. Kuku wawili wamekufa kwa kideri. Mwambie Zamda mchumba yupo, ana miaka sabini na meno matatu, aje haraka kabla hayajabaki mawili.

Michembe yangu ya viazi vikavu bado nauza stesheni. Siendi kila treni, goti halitaki. Naenda ile moja tu ya mwanzo wa mwezi, inayopita asubuhi kuelekea Tabora. Kuna abiria mmoja wa behewa la tatu ambaye hashuki. Humtuma mwenzake aje kuninunulia fungu kubwa. Mteja mzuri. Sijui ni nani.

Hayo mambo ya vipokezi yamenikosesha raha. Nani aliviweka? Yaani Mungu alipokuwa anamuumba mtu alimtengea kabisa mahali pa bangi? Kwa nini mwili uwekewe pa kupokelea kitu kitakachouharibu? Ndugu za babu yako siku zote husema ni damu ya Mzee Mayala, yule babu yao mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, na kila kambi akishusha mzigo alivuta bangi kwa kiko cha kibuyu. Wanasema baba yako amerithi kwake. Je, ni kweli vitu hivyo vinarithiwa? Au mtu huzaliwa navyo vimelala, akaja mwingine akaviamsha?

Nakuuliza hivi kwa sababu kuna mama mmoja hapa kijijini ana wasiwasi. Mtoto wake mdogo aliguswa na bangi. Hakuvuta, mtoto atavutaje, aliguswa tu. Huyo mama anataka kujua kama ndiyo basi tena. Ukijibu andika herufi kubwa, macho nayo yameanza kuiga masikio.

Bibi yako,
Koleta

Barua yako nimeisoma yote. Usidhani kuna ukurasa nimeuruka.


Mwanza, 21 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Umenipa habari za kuku wawili wa kideri, na habari za mwanao hukunipa. Haya. Tumbaku mkimaliza kuipanga pumzika kidogo, usikimbilie tena shamba la karanga. Nimeandika herufi kubwa mpaka Zamda ananiuliza kama natengeneza bango.

Swali lako ndilo walilojiuliza wataalamu wenyewe. Walikuwa wanatafuta jinsi bangi inavyofanya kazi mwilini, wakavikuta hivyo vipokezi, wakashangaa kama ulivyoshangaa wewe. Wakaendelea kutafuta, wakakuta kwamba mwili wenyewe unatengeneza vitu vyake vinavyokaa hapo. Mtu akiumia, vinapunguza maumivu. Vinaleta hamu ya kula na usingizi. Mtu aliyepata kitisho, vinamsaidia kukisahau polepole. Kwa hiyo mahali hapo si pa bangi, Bibi. Bangi ina kitu ndani yake kinachofanana na vile vya mwili, basi.

Kumbuka kigoda cha babu kilichopo uani. Fundi alikichonga kwa kipimo cha babu. Akija mgeni akakikalia na kikamtosha, utasema kilichongwa kwa ajili ya mgeni? Ni cha mwenye nyumba. Ila mwenye nyumba hukaa kidogo akainuka akaendelea na kazi zake, na huyu mgeni akikaa hainuki mapema, na huja na nguvu zake.

Wataalamu wanasema vipokezi hivi ni vya zamani kuliko mmea wenyewe. Samaki wa ziwa hili ninalolitazama dirishani anavyo, na hajawahi kuonja bangi tangu azaliwe. Kuku wako wanavyo. Mzee Mayala alikuwa navyo sawasawa na mtu yeyote. Fikiria mzigo ule begani, njaa, na siku zote zile za kukatiza pori la Mgunda Mkali. Mwili wake ulikuwa na dawa yake kidogo ya maumivu, yeye akaona haitoshi, akaongezea. Simlaumu.

Lakini huyo mama simwelewi, na nitasema kama ninavyojisikia. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na vipokezi hivyo ni miongoni mwa mafundi wake. Anayemwingizia mtoto bangi anachezea msingi wa nyumba. Mwambie bila kumbembeleza. Mtoto akija kuugua akili ukubwani asitafute mchawi, ajitazame yeye mwenyewe. Mimi nimelelewa na ugonjwa huo ndani ya nyumba, najua ulichotufanya.

Na baba? Nimwambie nini?

Jeska


Mwanza, 30 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mei imepita na Juni inaisha, sijapata hata mstari mmoja. Nilidhani barua imepotea, nikampigia Mfaume wa dukani. Anasema alikukabidhi mkononi siku zilezile, ukaisomea palepale kwenye benchi lake, ukaikunja, ukaondoka bila kuchukua sukari uliyokuwa umeifuata. Anasema uko mzima na unaamkia shambani. Ila stesheni umeacha kwenda.

Bibi, kama ni maneno yangu makali kuhusu baba, nisamehe. Mimi ni mtoto wako, nikikosea nichape, usininyamazie. Chuo kinafungwa mwezi wa nane na nitapitia Tura kumwona. Niandikie kabla.

Mimi Jeska


Goweko, 15 Julai 2024

Jeska,

Marahaba. Wote wazima. Viazi tumevuna, michembe ipo juu ya paa inakauka.

Barua yako ya Aprili nilimsomea yule mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kwake. Tangu siku hiyo hajitokezi sana. Ulichoandika umesomea, sikulaumu.

Uliandika ajitazame. Anajitazama. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na mtoto wake wa miaka miwili amejaa surua mpaka ndani ya macho. Mvua zilikuwa zimekata njia na hospitali iko mbali. Wakati huo kuku wakishikwa na kideri watu waliwachemshia majani yale, wengine wakapona. Akaona kama yanaponya kuku yatamponya na mtoto. Akachemsha, akamwogesha, na matone kidogo akampa mdomoni. Ni hivyo tu. Hakuwa mvutaji wala mlevi.

Kuhusu baba yako, abaki Tura. Watu hapa wanadhani ni habari ya bani. Bani ni miti na udongo. Siwezi kumkataa mwanangu kwa ajili ya tumbaku, mnanionaje? Siku ile nilimtazama moto ukiwaka nyuma yake, anacheka peke yake, nikajua ni nani aliyemfikisha pale. Sikuweza kumtazama mara ya pili. Usiniulize zaidi ya hapo.

Stesheni siendi kwa sababu ya goti.

Koleta


Tura, 11 Agosti 2024

Bibi yangu, bibi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha baba, nyuma ya stesheni. Yeye ameenda kukagua mizinga yake. Ana mizinga saba na asali yake abiria wanaigombania. Chumba amekifagia mpaka nje, nguo zimekunjwa, kadi ya sindano imebandikwa ukutani karibu na rozari uliyompa alipopata kipaimara. Amenenepa kidogo. Jana alinichekesha mpaka nikapaliwa na chai.

Mtoto wa miaka miwili, surua mpaka ndani ya macho. Surua ya namna hiyo sijaisikia Goweko tangu nizaliwe, Bibi. Nilisoma barua yako ndani ya basi, na nilipofika mwisho nikairudia ile ya kwanza, ya mwezi wa nne. Nikaona nilichokifanya. Nilishika kalamu nikampiga mtu nisiyemwona, kumbe ni aliyenilea. Nisamehe. Nililia pale kwenye kiti mpaka abiria mwenzangu akaninunulia maji.

Baba sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu kama anakumbuka kuugua utotoni. Akasema bila hata kufikiri, "Surua. Mimi sikumbuki, ila Shangazi Suzana, Mungu amrehemu, alinisimulia nikiwa na miaka kumi." Sikiliza aliyosimuliwa, nimeandika kama alivyosema:

"Mama alinibeba mgongoni kwenye mvua akaenda kuomba yale majani. Akaniogesha siku tatu. Sikuweza kumeza uji wala maji. Nilikuwa nimeshaachishwa ziwa, yeye akanirudisha, akaninyonyesha tena kama mtoto mchanga, usiku na mchana, mpaka nikafungua macho. Wawili wa rika langu walizikwa wiki ile. Mimi nikiwa mgonjwa kule wodini, kila mtu ananiogopa, nilikuwa najiambia, Festo, wewe kuna mtu alikataa ufe."

Anajua, Bibi. Amejua tangu ana miaka kumi. Kile ulichokificha kama dhambi yeye amekishika miaka arobaini kama hirizi. Na alipokuwa anasimulia alikuwa anatabasamu.

Nikamuuliza bangi alianzaje. Akasema, "Nilianza mwenyewe, nina miaka kumi na sita, nyuma ya bani, na hakuna aliyenishika mkono. Madaktari wamenieleza, wengine huvuta wasiugue, wengine huugua bila kuvuta. Mimi nilianza mapema, nilivuta sana, na kichwa changu kilikuwa cha kuugua."

Sasa mpelekee yule mama maneno haya, na safari hii nilimpigia simu mwalimu wangu nikiwa njiani, nikamuuliza kabla ya kufungua mdomo. Kitu kikali cha bangi hakipendi maji. Ukichemsha majani kwa maji, kidogo sana ndicho kinachotoka. Leo nikimwona mtu anamfanyia mtoto hivyo nitamkataza, kwa sababu mtoto mgonjwa si wa kujaribiwa majani. Lakini hakuna mtaalamu anayeweza kusimama akasema maji yale ya siku tatu ndiyo yaliyokuja kumfanya mtu augue baada ya miaka na miaka. Mimi niliandika kama ninayejua, na sikuwa najua.

Uliuliza kama vipokezi huzaliwa vimelala, akaja mtu akaviamsha. Havilali. Mtoto anakuwa navyo tangu tumboni. Na kuna jambo ambalo mwalimu alinieleza mwishoni, nikakaa nalo njia nzima. Vile vitu ambavyo mwili hujitengenezea, vile vyenye kigoda chake, vimo pia ndani ya maziwa ya mama. Walijaribu kwa panya wachanga, wakaviziba vipokezi hivyo siku ya kuzaliwa. Panya wale hawakunyonya, wakafa. Kwa binadamu bado wanachunguza, sitaki kukuahidi zaidi ya wanachojua. Lakini maziwa yanavyo, hilo wamelipima.

Kwa hiyo yule mama asijisumbue kuuliza bangi ilifika lini pale. Kabla ya bangi, kabla ya maji yale, mtoto alikuwa ameshapokea vya kwake. Na alipougua, mama alimrudishia tena.

Jambo la mwisho. Abiria wa behewa la tatu unamjua. Kila mwezi anapita Goweko kwenda kudungwa sindano Tabora, anakaa upande unaotazama stesheni, anamtuma mwenzake akununulie michembe. Anasema anaijua kwa jinsi ulivyoikata. Tangu Mei anachungulia na kikapu hakipo. Nilimuuliza kwa nini hashuki. Alinionyesha njia ile inayotoka mashariki akasema, "Wapagazi wakitoka pwani, wakishavuka Mgunda Mkali walikuwa wanashusha mizigo hapa Tura, wanapumzika. Mzee Mayala naye alipumzika hapa. Lakini yeye aliinuka akaenda kwake, maana kulikuwa na mtu anamsubiri."

Tarehe tatu Septemba atapita.

Nakupenda sana, Bibi.
Jeska


Goweko, 8 Septemba 2024

Mke mwenzangu, mwanangu, mjukuu wangu,

Marahaba nyingi. Huku tu wazima, na safari hii nikisema tu wazima hesabu imeongezeka. Vitalu vya miche ya tumbaku tumeshavitengeneza. Kuku mmoja amelalia mayai tisa, kideri kimepita. Mama Sixbert ameyamaliza mafuta na anauliza kama kuna mengine.

Barua yako nilikaa nayo siku kumi bila kumwambia mtu. Kisha nikamwambia Mfaume aniangalizie tarehe.

Tarehe tatu nilikwenda stesheni bila kikapu. Nilikuambia mteja wangu simjui, nilikudanganya. Nilimjua tangu mara ya kwanza, kwa namna anavyoegemeza kichwa dirishani, ndivyo alivyolala mgongoni kwangu. Miezi yote ile nilikuwa nakwenda kumtazama bila kutazamwa, nikaona inatosha. Uliponiandikia kwamba ni wa kujitazama, nikaona hata hilo sistahili.

Treni iliposimama nikaenda moja kwa moja kwenye behewa la tatu. Ngazi ilikuwa juu, goti likakataa, mwanamke mmoja mnene na askari wakanivuta mikono kama gunia la karanga. Nikamkuta amesimama. Alikuwa ameniona tangu nikiwa chini. Nikasahau yote niliyopanga kusema, nikamwambia, "Festo, shuka, ndiyo hapa." Akasema, "Mama, naenda sindano." Nikasema, "Basi tunaenda wote," nikakaa. Treni ikaondoka.

Mkagua tiketi alipofika, mimi tiketi sina. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nampeleka mtoto kliniki. Akatazama huku na huku akitafuta mtoto. Baba yako akainua mkono. Behewa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, Jeska, na machozi yanatoka.

Nilimweleza humo humo ndani ya treni. Mimi kwa kuwa sisikii, nikidhani nanong'ona napiga kelele, kwa hiyo watu wote walisikia surua, majani, kuku na kila kitu. Waliacha hata kula. Nilipomaliza akahamia upande wa sikio la kushoto, lile lililo afadhali, akainama, akasema, "Najua, mama. Ndiyo maana niko hapa." Yule mwanamke mnene akaanza kulia kwa sauti kuliko mimi, tukaanza kumbembeleza yeye.

Sindano alidungwa mbele yangu. Nesi aliniuliza mimi ni nani, nikajibu. Tulilala kwa binamu yake mjini, kesho yake tukarudi, na treni iliposimama Goweko tukashuka wote wawili. Kesho kutwa ataenda Tura kuchukua nguo na kupanga habari ya mizinga, na mimi sina wasiwasi. Safari za sindano zitakuwa fupi sasa.

Tulipofika uani hakujua akae wapi. Alisimama pale pale bani lilipokuwa zamani kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikamsogezea kigoda cha babu yako, akakaa, kikamtosha sawasawa. Nikapasha maji, nikayaleta kwenye beseni, nikamwambia inamisha kichwa, una vumbi la treni. Akainamisha. Ana mvi, Jeska. Mwanangu ana mvi nyingi na sikuwepo zilipoota. Nilimwosha taratibu, nyuma ya masikio, shingoni. Akayanusa maji yale akaniuliza kwa utani, "Mama, humu umetia nini?"

Nikamwambia sijatia kitu mwanangu, ni maji matupu.

Yule mama wa hapa kijijini anakusalimu sana. Ni mimi.

Koleta